Usipige lipu kabla hujasimama nje mvua ikinyesha

Nyumba aliyotuachia marehemu baba pale Tukuyu, wilayani Rungwe, ukuta mmoja wa sebuleni nimeupiga lipu mara mbili. Mara zote mbili mvua zilipokolea lipu ilivimba, rangi ikabanduka magamba magamba, na chini yake ukabaki unga mweupe wa chumvichumvi. Fundi wa kwanza alisema saruji ilikuwa kidogo. Wa pili akaongeza saruji. Hela ikaenda.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, mwashi wa siku nyingi. Ukuta hata hakuugusa. "Mwanangu, chukua mwavuli tuzunguke nyumba."

Ilikuwa ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka ya kwenda popote. Bati halikuwa na gata, kwa hiyo maji yalidondoka pembeni kabisa mwa msingi na kurusha matope ukutani hadi usawa wa goti. Halafu maua ya mama. Miaka na miaka amekuwa akiyarundikia udongo na samadi, mpaka nje kukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Na ukuta wenyewe ni matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, juu ya msingi hakuna lami wala nailoni ya kuzuia unyevu. Tofali la namna hiyo huvuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa.

Ile saruji nyingi ndiyo iliyoharibu zaidi. Lipu ngumu haipitishi unyevu, hivyo maji yaliyokwisha kuingia yanakosa pa kutokea na kuzidi kupanda, na chumvi inaisukuma lipu kutoka nyuma. Kuta hizi laini zinataka lipu laini: chokaa na mchanga, saruji kidogo sana au usitie kabisa.

Tulichimba udongo wa nje mpaka ukawa kama sentimita 15 chini ya sakafu, tukaupa mteremko wa kupeleka maji mbali, tukafunga gata. Mama alinuna wiki nzima kwa ajili ya maua yake. Lipu ya zamani tuliibandua, ukuta ukaachwa uchi kiangazi chote. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, maana wageni wanakuja na ukuta unatia aibu.

Ila si kila unyevu unatoka ardhini. Juni na Julai, kwa baridi yetu, watu hufunga madirisha na kupika ndani; mvuke unagota kwenye ukuta wa baridi, ukungu mweusi unaota kwenye kona na nyuma ya kabati. (Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua, usiombe.) Kutofautisha ni rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uache siku mbili. Majimaji yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa. Yakiwa mbele, upande wa chumbani, fungua madirisha.

Paa halikunisumbua sana. Bati lilikuwa zima, mipira ya misumari ndiyo iliyooza, tukabadilisha misumari tu. Mbao za kenchi zichome kwa bisibisi. Ikizama bila kubishana, mchwa wamekutangulia. Kama paa lako ni la asbestosi, usilikate wala kulivunja, vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Nyufa ndizo zinazotisha watu kuliko kitu kingine. Zile nyembamba kama nywele zilizotapakaa kwenye lipu ni za lipu tu. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali, tena mpana upande mmoja, huo aghalabu ni msingi unaotitia. Wangu uko juu ya mlango wa jikoni. Mzee alinizuia kuuziba. Alichora mstari wa penseli kila unapoishia, akaandika tarehe. Masika mbili zimepita. Kila nikienda Tukuyu, kabla sijamsalimia mama vizuri, naangalia ile penseli. Bado haujaivuka.