Fataki kutoka nyeupe pichani: punguza tundu, si muda

Ndugu, umeuliza kwa nini fataki ulizopiga picha mkesha wa Mwaka Mpya zimetoka madoa meupe. Yametokana na tundu la lenzi kuwa wazi mno, wala hayatokani na sekunde nyingi ambazo kamera ilibaki wazi. Cheche ya fataki inakimbia, kwa hiyo haikai sehemu moja ya picha muda wa kutosha kuichoma iwe nyeupe. Ung'avu wa ule mstari unaamuliwa na tundu pamoja na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Muda unaamua idadi ya milipuko itakayoingia na jinsi majengo na anga vitakavyong'aa.

Anza na ISO 100, tundu la f/11 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), sekunde 4. Rangi zikififia ndani ya weupe, nenda f/16. Kamera iwe kwenye stendi, na uibonyeze kwa rimoti. Ukiweza, tumia B (Bulb, ambapo kamera hubaki wazi muda wote unaoshikilia kitufe): fungua ukisikia kombora linapaa, funga mlipuko ukishafifia. Fokasi ifanye kwa mkono kwenye taa ya mbali kabla ya shoo, kisha usiiguse tena. Zima pia ile kazi ya kamera ya kusafisha chengachenga (long exposure noise reduction) baada ya kila picha, maana inakula muda sawa na wa picha yenyewe na utapitwa.

Halafu moshi. Kaa upande upepo unakotokea, na picha zako bora zitafute dakika za mwanzo. Pale Burj Khalifa, Dubai, fataki hurushwa kutoka kwenye jengo lenyewe, na upepo ukitulia mnara wote unamezwa.