Re: Partisheni ya recovery inatosha au lazima niwe na flashi?

Mkuu flashi ya kuokolea mashine Windows ikigoma ni lazima. Hiyo partisheni ya recovery unayoitegemea (kipande cha diski chenye vitu vya kurekebishia Windows) iko ndani ya diski hiyohiyo, diski ikifa na yenyewe imeenda, na mafundi wengi wakipiga Windows upya wanaifuta.

Natengeneza mashine za watu, nakwambia ninachokiona kila siku. Chukua flashi tupu ya GB 8 kwenda juu (vilivyomo vitafutika vyote), ingia tovuti ya Microsoft upakue Media Creation Tool, ndiyo inayoweka Windows kwenye flashi, iache imalize yenyewe. Ila flashi feki zimejaa mtaani, imeandikwa GB 64 kumbe ndani ni ndogo, inapokea mafaili vizuri tu halafu siku ya shida hayasomeki, kwa hiyo ipime kwanza na programu ya H2testw.

Sasa kinachowaliza watu ni BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima. Laptopu nyingi za sasa ukishaingia na akaunti ya Microsoft diski inajifunga kimyakimya, siku Windows ikigoma unachomeka flashi yako vizuri kabisa halafu inakudai namba yenye tarakimu 48. Kuna mwalimu aliniletea mashine yenye matokeo ya wanafunzi wake, akaunti alifunguliwa dukani siku anainunua, email haijui, paswedi haijui, na diski ilikuwa nzima kabisa! Iliniuma sana. Hata Julai 2024 ile apdeti ya CrowdStrike (programu ya ulinzi ya maofisini) ilipoangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, dawa ilikuwa kuingia safe mode (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu) na kufuta faili moja tu, lakini zenye BitLocker zilitaka namba kwanza, na kuna maofisi walihangaika kuitafuta. Kwa hiyo leo hii mashine ikiwa bado inawaka fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama administrator, andika manage-bde -protectors -get C: kisha bonyeza Enter, namba ikitokea iandike kwenye karatasi, usiisevu kwenye laptopu hiyohiyo jamani.

Kingine, kama prosesa ni Intel kizazi cha 11 kuja juu, ukiinstoli Windows unaweza kufika pale pa kuchagua diski ukakuta hakuna kitu, watu wanakimbilia kununua SSD mpya bure. Pakua draiva ya Intel RST (inayoifanya Windows iione diski) ya modeli yako, ifungue iwe folda ya kawaida, iweke kwenye flashi, ukifika pale bonyeza Load driver na diski inatokea.

Ukimaliza ijaribu. Zima, chomeka flashi, washa huku unabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, ukiona skrini ya kuchagua lugha flashi yako iko poa, funga hapohapo usiendelee kuinstoli, chomoa.

Mashine yako ni modeli gani mkuu? Itaje hapa nikuangalizie draiva yake.