Maswali yenu kuhusu Haapsalu, mji wa ngome ya askofu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu Haapsalu, mji mdogo ulioko pwani ya magharibi ya Estonia, kama kilomita 100 kutoka mji mkuu, Tallinn, wenye wakazi wapatao elfu kumi. Nilieleza ngome yake iliyobaki magofu, kanisa lililo ndani yake, na hadithi ya msichana aliyejengewa ukutani. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Hizi ni baadhi.

Jina hilo linatamkwaje, na maana yake nini? (Msomaji, Tanga)

Litamke kama lilivyoandikwa. "Haa" ivute kama unavyovuta "saa", na mkazo uweke kwenye silabi ya kwanza. *Haab* ni mti wa jamii ya mpopla, wenye majani yanayotetemeka hata upepo ukiwa hafifu, na *salu* ni kichaka cha miti. Wajerumani walioutawala mji kwa karne nyingi waliuita Hapsal, na utaliona jina hilo kwenye ramani za zamani.

Umeandika "ngome ya askofu". Askofu anajenga ngome ya nini? (Msomaji, Bujumbura)

Swali lako ndilo mlango wa historia yote ya mji huu. Mwanzoni mwa karne ya 13 nchi ya Waestonia ilivamiwa na wapiganaji wa msalaba, wengi wao Wajerumani, waliokuja kuwabatiza watu kwa upanga. Ardhi iligawanywa, na mwaka 1228 ikaundwa dayosisi ya Saare-Lääne. Askofu wake hakuwa mchungaji wa roho tu. Alimiliki ardhi, alikusanya kodi, aliweka askari na alihukumu. Makao yake ya awali yalikuwa Lihula, kisha Pärnu ya Kale, na Walithuania walipoichoma Pärnu mwaka 1263 yakahamia Haapsalu. Mwaka 1279 mji ulipewa haki zake rasmi. Ukuta uliendelea kujengwa na kuinuliwa kwa vizazi kadhaa hadi mzunguko wake ukazidi mita 800, na ndani yake likasimama kanisa kuu lenye ukumbi mmoja mpana usio na safu za nguzo.

Wakulima waliozunguka ngome hiyo, wenye nchi hasa, hawakuwa na sauti ndani yake. Hilo likumbuke utakapofika kwenye swali linalofuata.

Mwisho wa utawala huo unasikitisha. Mwaka 1559, vita vya Livonia (jina la zamani la nchi hizo) vikiwa vimepamba moto, askofu Johannes von Münchhausen aliiuza dayosisi yake kwa mfalme wa Denmark, akaondoka zake. Nchi nzima na watu wake, kwa fedha taslimu. Waswidi wakaja, Warusi wakaja, Waswidi wakarudi. Katika karne ya 17 mfalme wa Uswidi naye aliuuza mji kwa jemadari Jacob De la Gardie, aliyetaka kuigeuza ngome kuwa kasri la kifahari asimalize. Mwaka 1688 moto uliteketeza paa la kanisa, mwaka 1710 Urusi ikaichukua nchi, na kuta zikabomolewa kwa sehemu. Wasovieti nao waliligeuza kanisa kuwa ghala la nafaka kwa muda. Leo ibada zinafanyika tena humo, na sauti ya mwimbaji mmoja hulijaza kanisa zima.

Huyo "Mwanamke Mweupe" ni kweli au ni hadithi tu? (wameuliza wengi: Mombasa, Dar es Salaam, Muscat)

Kwa waliokosa makala ile: inasimuliwa kwamba kanoni mmoja, yaani padri wa baraza la kanisa kuu, alimpenda msichana wa Kiestonia wa kijijini. Wanawake walikatazwa kuingia ngomeni, na adhabu yake ilikuwa kifo. Akamwingiza akiwa amevaa kama mvulana wa kwaya. Waliishi hivyo kwa muda, mpaka askofu alipomtilia shaka yule mwimbaji mdogo. Kanoni alitupwa shimoni akafa njaa. Msichana alijengewa ndani ya ukuta wa kikanisa cha ubatizo kilichokuwa kikijengwa wakati huo, akapewa kipande cha mkate na maji. Vilio vyake, wanasema, vilisikika kwa muda, kisha kimya.

Kikanisa hicho cha mviringo kipo, na ni kazi ya karne ya 15. Umbo lenyewe nalo lipo. Siku za mwezi mpevu wa Agosti, mbalamwezi hupenya madirishani na kwenye dirisha moja huonekana kitu mfano wa mwanamke aliyesimama, mweupe; watu husema ndiye yule msichana. Ni mwanga na pembe ya kuta, wala hakuna anayeficha hilo. Mji hufanya tamasha kila Agosti, watu hukusanyika uani usiku wakisubiri.

Kama mifupa ya msichana imo ukutani au haimo, kwangu si swali kubwa. Angalieni hadithi imemchagua nani. Haikumkumbuka askofu kwa jina, wala kanoni, wala msichana. Imekumbuka kwamba alikuwa Mwestonia, mtoto wa wakulima, na kwamba waliomhukumu walikuwa watu wa kanisa lililokuja na upanga. Watu wasiopewa nafasi ya kuandika historia yao waliiweka kwenye dirisha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita hadithi ya mizimu ya kuvutia watalii.

Kuna jambo dogo linalonigusa pia. Kiestonia, kama Kiswahili, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye". Ni *tema*, au *ta* kwa kifupi. Kwa hiyo msimulizi wa Kiestonia anaweza kumsimulia mwimbaji yule kutoka mwanzo, na neno "yeye" lisimfichue. Jaribuni kuisimulia kwa Kiswahili, mtaona inavyotiririka.

Nimesoma kuwa watu hupakwa matope huko. Matope gani? (Msomaji, Kisumu)

Matope ya baharini, laini, meusi, yenye harufu ya yai bovu, yanayotolewa kwenye ghuba zenye maji ya kina kifupi. Wenyeji walikuwa wakiyatumia kwa maumivu ya viungo. Daktari Carl Abraham Hunnius aliona wanavyofanya, akawasikiliza, na mwaka 1825 akafungua nyumba ya kwanza ya tiba hiyo. Kuanzia hapo matajiri wa St. Petersburg, hata familia ya mfalme wa Urusi, wakawa wanakuja kila kiangazi. Pyotr Tchaikovsky, akiwa kijana wa miaka 27, alikaa huko mwaka 1867, na ukaaji huo ukazaa mkusanyo wa vipande vitatu vya piano alivyovipa jina la mji. Cha kwanza kinaitwa magofu ya ngome. Benchi la mawe la kumbukumbu yake liko ufukweni. Karibu na hapo upo Kuursaal, ukumbi wa mbao wa mwaka 1898, uliochongwa nakshi mithili ya lesi.

Nilifanya kazi reli miaka 31. Hiyo stesheni yenye jukwaa refu bila treni ni nini? (Mzee wa Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Stesheni ilikamilika mwaka 1907, kwa ajili ya wageni wa matope na hasa wakubwa wa kifalme. Jukwaa lake lina paa lenye urefu wa mita 216, ili bibi wa kifalme ashuke behewa lolote asilowe mvua. Treni ya abiria ilisimama mwaka 1995, na baadaye reli zikang'olewa. Njia ya treni sasa ni njia ya baiskeli. Jengo limetunzwa vizuri, rangi na nakshi zote, na ndani kuna makumbusho ya reli; injini za zamani zimepangwa nje. Mabasi ya Tallinn husimama hapo hapo stesheni. Najua utaelewa kuliko mimi inavyokuwa kusimama kwenye jukwaa zuri namna ile na kutosikia kitu.

Bibi yangu alishona kofia za viua. Nimesikia Haapsalu wana mtandio unaopita ndani ya pete. Wanafanyaje? (Dada wa Unguja)

Dada yangu, ungefurahi kuwaona wale mabibi. Mtandio hufumwa kwa mkono kwa uzi mmoja mwembamba wa sufu, kwa sindano mbili. Mapambo yake ni matundu, pamoja na vifundo vidogo vinene viitwavyo *nupp*, ambavyo mfumaji huvitengeneza kwa kuzidisha mizunguko kwenye tundu moja kisha kuifunga pamoja. Fundi akikaza uzi hapo, imekula kwake, sindano haipiti. Ukingo wa lesi hufumwa peke yake na kushonewa baadaye. Kisha mtandio huoshwa na kuwambwa kwenye fremu ukauke ukiwa umenyooka. Uzi ni mwembamba kiasi kwamba mtandio mzima hupita ndani ya pete ya arusi.

Mitindo ina majina. Unaopendwa sana ni *maikelluke*, "kikengele cha Mei", jina la ua jeupe la msituni. Wanawake walianza kufuma mitandio hii ili kuwauzia wageni wa matope katika karne ya 19. Maaskofu na majemadari wameondoka, kazi ya wale wanawake ingali inafundishwa mjini. Kama bibi yako alikuachia sindano na macho yake, basi wewe na wao mngeelewana bila mkalimani.

Ni kweli bahari huganda magari yakapita? (Msomaji, Kilwa)

Ni kweli. Maji ya Baltiki, bahari ya huko, yana chumvi kidogo, hivyo huganda kwa urahisi. Baridi ikikaza, serikali hufungua barabara ya barafu kutoka bandari ya Rohuküla, jirani na mji, hadi kisiwa cha Hiiumaa, kama kilomita 25. Mkanda wa gari haufungwi, ili ukizama utoke upesi. Tena mwendo wa kati kati unakatazwa, kwa sababu huamsha mawimbi chini ya barafu yakaipasua. Miaka ya karibuni, kwa joto lilivyopanda, barabara hiyo hufunguliwa kwa nadra.

Nasoma Tallinn. Siku moja inatosha? (Mwanafunzi)

Inatosha. Panda basi la asubuhi, anzia stesheni kwa kuwa ndipo utakaposhukia, kisha tembea mpaka ngomeni. Uwanja wa ndani ya kuta ni bustani ya watu wote, watoto wanacheza chini ya mnara. Makumbusho ya ngome yalifunguliwa upya mwaka 2019, yanafaa kulipiwa. Jioni shuka ufukweni. Ukienda kwa ajili ya Mwanamke Mweupe, weka nafasi ya kulala mapema, maana nyumba za wageni hujaa, na beba sweta: usiku wa Agosti huko una baridi.