Kabla ya Kukubali Nafasi ya Fizikia, Piga Hesabu Hii

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanapotoka, wazazi hapa Kisumu huniuliza swali moja: mtoto ameitwa Chuo Kikuu cha Maseno au Masinde Muliro kusomea shahada ya fizikia, aende au abadilishe kozi? Mimi niliisoma fizikia na ndiyo inayonilisha hadi leo, kwa hivyo sitamvunja mtoto moyo. Ila huwaomba waketi na kalamu na karatasi kwanza, na wasianze na karo.

Waanze na muda. Shahada ya sayansi katika fizikia ni miaka 4, na ukihitimu hutoki na jina la kazi. Bodi ya wahandisi haitakusajili, kwa sababu uhandisi ni kozi yake yenyewe, ya miaka 5. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, nayo haikusajili kwa shahada hiyo peke yake. Inataka uongeze stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mzima na karo yake, na bado itaangalia kama ulipata C+ katika masomo mawili ya kufundishia kwenye KCSE. Kwa hivyo kijana anayejua moyoni kwamba anataka kuwa mwalimu aombe shahada ya elimu tangu mwanzo, fizikia na hisabati. Kwa huyo sioni sababu yoyote ya kuzunguka. Na ajipange mapema: TSC imekuwa ikiwachukua walimu wapya wa sekondari kwanza kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa pesa hizo bado kuna kodi ya nyumba, nauli na wadogo zako nyumbani.

Sasa mkopo. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukikopa 180,000, riba ya mwaka ni 7,200, si mzigo wa kumtisha mtu. Kinachoumiza ni faini ya 5,000 kila mwezi kwa aliyeacha kulipa baada ya muda wa kulipa kuanza, yaani 60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara nane ya riba yenyewe. Nimewaona wenzangu wakinyamaza kwa kuwa hawajapata kazi, wakidhani deni nalo limenyamaza. Hujaajiriwa? Waandikie HELB uwaeleze hali yako kabla faini haijaanza kuhesabiwa.

Mbona basi nasema fizikia inanilisha? Chukua kazi moja ya mjini Ahero. Mwenye duka alikuwa na friji ya volti 12 inayotumia sola, na kila ikijaribu kuwaka inazima. Alishauziwa betri mpya, na shida ikabaki pale pale. Betri ilikuwa nzima. Nilipopima kwenye friji yenyewe, volti zilikuwa zimeshuka vibaya. Waya ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba, mita 20 kutoka betri hadi friji, na umeme huenda na kurudi, kwa hivyo ni mita 40 za shaba. Friji ikivuta ampea 10, karibu volti 2.7 zinapotelea njiani, na hizo ni nyingi mno ukianza na 12. Tukaisogeza betri karibu na friji, tukaweka waya mnene, friji ikawaka. Hesabu hiyo ni ya kidato cha nne. Chuo kilichonipa ni mazoea ya kupima kabla ya kununua kitu. Lakini fundi anayelipwa kwa kazi ya sola anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na leseni hiyo haiji na shahada. Niliitafuta kivyangu.

Hapo ndipo penye uzito: kinacholeta mshahara ni fizikia pamoja na kitu cha pili. Upande wa Nakuru, kule Olkaria na Menengai kwenye umeme wa jotoardhi, wapo wanaopima jinsi miamba inavyopitisha umeme ili kujua mvuke uko wapi chini ya ardhi. Ni kazi nzuri sana, ila nafasi ni chache na waliosomea jiofizikia, yaani fizikia ya ardhi, hutangulizwa. Mashine za mionzi za kutibu saratani huhitaji mwanafizikia wa tiba, na huyo lazima asome zaidi ya shahada ya kwanza. Anayependa kompyuta ajifunze kuandika programu kuanzia mwaka wa kwanza, akiitumia kuchambua vipimo vyake vya maabara. Gharama ya hicho kitu cha pili, iwe kozi, leseni au laptopu, iandikwe kwenye bajeti ya familia kabla mtoto hajaripoti chuoni.

Na kabla ya kukubali nafasi, nendeni idarani mkaulize wanafunzi wa mwaka wa nne, si wahadhiri: vifaa vya maabara vinafanya kazi? Waliokwenda atachimenti, mafunzo ya kazini, walikwenda wapi? Wakisema kila mtu alijitafutia, basi anzeni kumtafutia wenu mapema, au ombeni uhamisho kwa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, wakati dirisha bado liko wazi.