Je, ni wajibu kununua bidhaa za "rafiki wa mazingira"?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nataka kutupa vyombo na mifuko yote ya plastiki nyumbani ninunue vilivyoandikwa "rafiki wa mazingira", ingawa ni ghali. Je, ni wajibu? Na nikiendelea na vya kawaida, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Usitupe. Chombo kizima ni mali, na Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali, kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Madhara ya kukitengeneza yameshatokea. Ukikitupa unajaza jaa, kisha unasababisha kingine kitengenezwe. Kitumie mpaka kichakae. (Kilichopasuka au kuchunika usikitilie chakula cha moto, kitumie kuhifadhia misumari.)

Kununua vya kawaida si dhambi, kwa kuwa asili ya biashara ni halali. Uharamu huingia kwa sababu nyingine: israfu, yaani ubadhirifu, iliyokatazwa katika Suratul A'raf aya ya 31, au kusaidia dhuluma, iliyokatazwa katika Al-Maida aya ya 2. Kwa mfano, ukijua kwa yakini kwamba mbao fulani zimeibwa msituni, usizinunue hata zikiwa rahisi. Shaka tupu haiharamishi kitu.

Sasa hayo maandishi ya "rafiki wa mazingira". Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema limenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akasema: "Mwenye kughushi si katika mimi" (Muslim). Na wewe tia mkono ndani ya lundo: muulize muuzaji kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani, nani amekithibitisha, na kikiharibika kinatengenezeka? Picha ya jani kwenye pakiti haithibitishi kitu.

Hata kilicho kizuri kweli kina masharti. Mfuko wa pamba, kwa mfano. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa 2011 ulikadiria kuwa inabidi utumike mara 131 ndipo athari yake kwa joto la dunia ishuke hadi kiwango cha mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu hiyo haihusu taka zinazozagaa, na huko plastiki ndiyo mbaya zaidi. Lakini mwenye mifuko kumi ya pamba kabatini, na kila safari ya dukani anasahau na kununua wa kumi na moja, amefanya israfu kwa jina la kuhifadhi. Uwe na miwili, mmoja ukae mlangoni.

Kuhusu bei: nafaqa (matumizi) ya mke na watoto ni wajibu, na kulipia zaidi kwa ajili ya mazingira ni jambo jema la hiari. Usipunguze chakula cha nyumbani ili ununue sabuni ya "rafiki wa mazingira". Kama ziada ipo, anza na kile unachokinunua kila wiki, maana hapo ndipo taka zako nyingi zinapotoka.

Wallahu a'lam.