Usiandike "alilala": kobe amekufa, mtoto aambiwe amekufa

Mwalimu, mzuie mchoraji kwanza. Umesema anaanza Jumatatu, hadithi ni ya kiboko mdogo na kobe mzee, kobe anakufa karibu na mwisho, na yule uliyemlipa akuharirie amekubadilishia sentensi iwe "Kobe alilala usingizi mzito, hakuamka tena", eti neno kufa litawatisha wazazi wasinunue. Halafu umeuliza kurasa ziwe ngapi, karatasi gani, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) inapatikana wapi, bei iwe ngapi na uuzie wapi. Hayo yatangoja. Hili la usingizi halingoji, kwa sababu likishaingia kwenye picha halitoki.

Nakala 600 za kitabu changu mwenyewe ndizo zilizonifunza. Ushauri ulikuwa huohuo, tena ulitoka kwa mtu anayelipwa kushauri waandishi wa vitabu vya watoto. Vitabu vikatoka kwa mchapaji wa Industrial Area, Nairobi, vizuri, rangi safi, na simu za kwanza za wazazi zikawa na jambo moja: mtoto amegoma kulala. Mwingine anaamka usiku kumtikisa nyanya yake aone kama bado yupo. Watoto hao hawakukosea. Walielewa kilichoandikwa.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huyachukua maneno jinsi yalivyo, na kwake kufa bado ni jambo la kwenda na kurudi. Mwaka 1948 mtafiti Mária Nagy alichapisha kazi yake juu ya watoto wa Hungaria na mawazo yao kuhusu kifo. Wale wa chini ya miaka 5 walikieleza kama safari au kama usingizi. Basi hiyo ndiyo dhana ambayo mtoto anaingia nayo kwenye kitabu. Ukimwandikia "alilala" unaitia muhuri, kisha saa mbili usiku mzazi anamwambia, "Haya, twende ukalale." Wengi huanza kushika kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, mwili wake haufanyi kazi tena, na kila kiumbe hufa. Wewe umesema kitabu ni cha PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea. Hao ni wa miaka 4 na 5.

Na usidhani utaponea kwenye neno lingine la upole. "Amesafiri": Nairobi hii kila mtoto ana shangazi aliyesafiri kwenda ushago, yaani kijijini, akarudi na mkungu wa ndizi, kwa hiyo atangoja. "Amepumzika" ndilo analoambiwa afanye shuleni kila siku baada ya chakula cha mchana. "Tumempoteza" ni baya kuliko linavyosikika, maana kilichopotea hutafutwa, na mtoto atashangaa mbona watu wazima wamekaa tu hawatafuti. "Ametuacha" humfanya ajiulize alikosa nini hadi akaachwa. "Mungu alimpenda akamchukua" humfanya aogope kupendwa. "Ameaga dunia" mtu mzima anaelewa. Mtoto anajua kuaga ni kupunga mkono getini asubuhi, na jioni mnaonana. Hata hadithi yako yenyewe, pale mwanzo ulipoandika mama kiboko "alichukuliwa na maji", irekebishe. Aliyechukuliwa huweza kurudishwa.

Kinachonikera zaidi ni hoja ya adabu, kwamba kusema "kufa" ni kukosa heshima, kwa sababu ina nusu ya ukweli na ndiyo maana inawanasa walimu. Ni kweli hatuingii kwenye matanga tukasema "babu yenu amekufa". Tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia. Lakini adabu hiyo ni ya binadamu. Kuku hufa, paka hufa, ng'ombe hufa, wala hakuna mtu popote, Mombasa wala Kakamega, anayesema mbuzi wake amefariki dunia. Mhusika akiwa mnyama, lugha yenyewe inakupa ruhusa ya kutumia neno lililo wazi bila kumvunjia mtu yeyote heshima. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuweka kobe badala ya babu kwenye kitabu cha aina hii! Mtu anayekuambia uchukue mnyama kisha umfichie kifo chake kwa maneno ya watu wazima hajui anachouza, na pesa anazochukua kwa walimu anawaumiza nazo watoto ambao hatawaona. Neno moja tu liepuke: mzoga. Kwa rafiki andika "mwili wake".

Sasa, "amekufa" peke yake haitoshi. Gari hufa likasukumwa likawaka. Redio hufa ikapelekwa kwa fundi. Kwenye mchezo wa polisi na wezi mtoto huambiwa "umekufa!", analala chini anahesabu hadi kumi, anainuka. Kwa hiyo neno liandamane na maelezo ya mwili, na maelezo yenyewe yawe mafupi. Sentensi zinazofanya kazi ni hizi, uzichukue kama zilivyo ukitaka:

"Kobe amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui. Hasikii njaa, hasikii baridi, hasikii maumivu. Hatarudi."

Zisome kwa sauti. Kiswahili kimekupa kitenzi kimoja, kusikia, kinachobeba njaa, baridi na maumivu, na ukikirudia mara tatu mtoto anakishika kama wimbo. "Hasikii baridi" ndiyo inayowatuliza wengi, kwa sababu swali linalofuata mazishi karibu kila mara ni kama aliyezikwa atapata baridi mle ardhini mvua ikinyesha. Usiondoe "hatarudi" hata mhariri akulilie. Bila neno hilo, mtoto atauliza kobe anarudi lini, na mzazi akiwa amechoka atadanganya.

Halafu chanzo. Umeandika "Kobe aliugua". Badilisha. Mtoto wa Nairobi anaugua mafua kila Julai. Akisoma kwamba kobe aliugua akafa, kamasi zake zitamtisha. Kobe mzee ana bahati ya kuwa mzee: "Kobe alikuwa amezeeka sana, sana, sana." Mara tatu, ili mama wa miaka 30 asiingizwe humo. Na ule ugomvi wao wa embe kabla ya kifo, ama uondoe ama uupe ukurasa wake wa majibu, kiboko aulize, "Ni kwa sababu nilimkasirikia?" na ajibiwe, "La. Hasira haiui." Watoto wa umri huu huamini kwamba walichowaza ndicho kilichotokea, na wengi hawaulizi. Wanakaa nalo.

Nirudi kwenye picha, maana ndiko pesa zilikokwenda.

Inaonekana umewatoa wanyama wako kwa Owen na Mzee wa Haller Park, Mombasa: kiboko mdogo aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Majina yao usiyatumie, kwa sababu wewe unamuua kobe na watoto wanawajua wale. Lakini ona tatizo. Urafiki wa wanyama hao ulijulikana kwa kula pamoja na kulala pamoja, ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo lazima kitabu chako kina picha ya usingizi pale mwanzoni, na ni picha nzuri. Mchoraji akifika kwenye kifo atachora kobe yuleyule, macho yamefumba, pengine na majani yamemfunika kama blanketi. Hapo hata ukiandika "amekufa", picha inasema amelala, na mtoto asiyejua kusoma husoma picha.

Kobe ana hatari nyingine ambayo paka hana: gamba. Kobe aliyeogopa huingiza kichwa na miguu ndani. Ukichora gamba limetulia bila kichwa, mtoto ataona kobe amejificha, na kila usiku atangoja kwenye ukurasa uleule kichwa kitoke. Tena Kobe wa ngano zetu ni mjanja. Atadhani ni hila. Mchoree mchoraji vijiti tu, umweleze: kichwa na miguu nje, chini kwenye vumbi, kiboko amesimama kando akiwa macho, mchana kweupe. Mara moja tu. Kurasa zinazofuata zionyeshe nafasi iliyo tupu: mburuzo wa kobe kwenye udongo unaoishia mahali, majani ya sukuma wiki yaliyonyauka bila kuguswa, kivuli kimoja kwenye maji badala ya viwili. Mtoto atayaona hayo kabla ya mzazi.

Na maandishi yasichorwe ndani ya picha. Narudia: yasichorwe ndani ya picha. Mchoraji akiandika sentensi kwa mkono wake juu ya anga, faili ikiunganishwa kuwa kitu kimoja, kubadilisha neno "alilala" ni kuchora upya. Kwenye kitabu changu lilikuwa jambo la kurasa sita, pleti mpya za mashine ya kuchapa na uchapaji upya. Njia ya mkato ni stika, nayo haifai. Mtoto wa miaka 4 akiona stika ukutani huibandua. Akiiona kitabuni hubandua pembe moja kwa ukucha, kisha yote, na chini yake anakuta lile neno ulilotaka kulificha, limeng'aa. Mwambie akupe picha peke yake, 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Maandishi yawekwe baadaye na msanifu, kwa wino mweusi mtupu, si mweusi wa kuchanganya rangi nne, kwa sababu karatasi ikisogea kidogo mashineni herufi hupata ukungu wa rangi pembeni.

Kurasa: 24, za kubanwa pini katikati. Idadi lazima igawanyike kwa 4. Ukiacha ukurasa wa 1 wa jina, wa 2 wa haki na wa 3 wa kuanzia, unapata jozi 10 za kurasa zinazotazamana, kutoka 4-5 hadi 22-23. Kifo kisikae 20-21 ulivyokiweka. Hapo unamwachia mtoto ukurasa mmoja na nusu wa huzuni, kisha kipepeo anatokea na kila mtu anacheka. Kiweke 10-11, uwe na jozi sita za kulia, kukasirika, kukataa kula, kucheza kidogo, kukumbuka na kulia tena. Ndivyo watoto wanavyoomboleza, kwa vipande, dakika tano analia na dakika ya sita anauliza mpira uko wapi. Sentensi ya kifo ikae ukurasa wa kushoto, juu kabisa, ili mzazi anayesoma alione neno kabla hajafika nalo mdomoni. Jozi ya 12-13 ndiyo yenye pini; usipitishe uso wa kiboko hapo.

Dini usiitie ndani ya hadithi wala usiikane. Ukurasa wa 24 mwachie mzazi mstari mtupu, "Nyumbani kwetu tunaamini kwamba…", aujaze mwenyewe. Muislamu wa Eastleigh na Mkatoliki wa Kayole watatumia kitabu kilekile.

Kabla ya chochote, kijaribu. Karatasi 6 za A4 zikunjwe katikati zinatoa kurasa 24. Chora vijiti, andika maneno, bana kwa stepla, toa kopi tano. Wasomee watoto wachachewachache, sita hivi kwa mara, kwa ruhusa ya wazazi, na aliyefiwa karibuni usimtumie kwa majaribio. Sehemu za watoto kwenye maktaba za Kaloleni na Makadara ni mahali pazuri pa kuomba nafasi. Ukimaliza kusoma usiulize kama wamependa. Uliza, "Kobe yuko wapi sasa?" kisha unyamaze. Wakikujibu "amekufa" au "amezikwa", endelea. Mmoja akisema "ataamka", rudi 10-11, andika upya, ukajaribu kwa watoto wengine, si walewale, maana walewale watakuwa wamekariri.

Hii yote inamaliza wiki mbili na pesa za kopi. Mpigie mchoraji leo jioni. Mwambie picha za kiboko na kobe wakicheza aanze, hizo hazina neno. Jozi ya 10-11 asiiguse hadi watoto wajibu lile swali, na majani ya kumfunika kobe asiyachore kabisa.