Kabla hujawasha pedi, wadogo zangu

Wiki iliyopita nimepita karakana moja pale Mwanjelwa nikamkuta kijana anamwagia maji kiungo alichomaliza kuchomelea. Pleti ya milimita 30! Namuuliza, ananijibu, "Kaka, mteja anasubiri." Nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nimeharibu makubwa kuliko hayo. Basi niwaandikieni ninyi mnaoanza kazi za kuoka viungo, yaani kukifunga kiungo kilichochomelewa kwa pedi za umeme na blanketi la kutunza joto, kukipasha, kisha kukipoza taratibu.

1. Jueni kwanza mnaoka nini. Mmeona mbao mbichi za Mafinga zikianikwa juani: upande mmoja unakauka na kujivuta, mwingine unagoma, asubuhi ubao umekuwa upinde. Kiungo nacho ni hivyo hivyo. Chuma kilichoyeyuka kikipoa kinataka kunywea, na chuma baridi cha pembeni kinakizuia. Mvutano huo unabaki humo ndani, na unaweza kufika kiwango cha chuma chenyewe kuanza kunyooka. Ukikipandisha nyuzi 600 za Selsiasi na ushee, chuma cha kawaida kinalegea, kinajinyoosha kidogo, na sehemu kubwa ya mvutano inaisha. Hauishi wote, msimdanganye mteja.

2. Muda wa kukaa kwenye joto hilo: saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Kuanzia nyuzi 425 kwenda juu, panda taratibu na shuka taratibu. Chini ya hapo hewa tulivu inatosha.

3. Thamokapo, yaani kipima joto cha nyaya mbili, ichomelewe kwenye chuma, kila waya kivyake. Isifungwe kwa waya wa kufungia nondo.

Hapa nikae kidogo, maana hiyo ya waya wa nondo ni yangu.

Ilikuwa Mufindi, mwezi wa saba, baridi ile inayokufanya uongee na meno. Bomba la mvuke, ukuta milimita 25, kiungo kimoja tu kimebaki. Mashine ya kubandikia thamokapo ilikuwa imekufa betri, na mimi nilikuwa nawahi basi la kurudi Mbeya kesho yake. Nikafunga thamokapo moja kwa waya, nikakaza kwa koleo, nikajisifu. Ya pili, ya kuisuta ile ya kwanza, sikuweka. Bomba lenyewe lilikuwa linaning'inia upande mmoja. Nikasema saa chache tu, litavumilia.

Saa nne usiku tukafika 610, kalamu ya rekoda, ile inayochora joto kwenye karatasi, ikatulia, mstari umenyooka kama uzi wa fundi uashi. Nikavuta kiti karibu na bomba niote joto. Mguu wa kiti ukakokota kebo. Kalamu ikashuka ghafla, kama kijino, halafu ikapanda tena taratibu mpaka 610. Niliiona. Wallahi niliiona. Nikajiambia umeme umecheza, nikajifunika koti.

Kumbe ncha ya thamokapo ilikuwa imechomoka ikasogea mpaka ukingoni mwa pedi, kwenye ubaridi. Kontrola, kifaa kinachoongoza moto wa pedi, inaona joto limeshuka, inaongeza moto. Inaongeza tena. Yenyewe haina kosa, inaamini inachoambiwa. Nilipozinduka, kwenye mwanya wa blanketi palikuwa na rangi ya chungwa. Gizani, nyuzi 600 ni wekundu wa kufifia, wa kuutafuta kwa macho. Chungwa maana yake tumezipita zamani nyuzi 723, pale chuma kinapoanza kubadilika tumboni. Na bomba lilikuwa limelegea kwa uzito wake lenyewe, limebonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

Asubuhi msimamizi wangu, mzee mmoja Mhehe asiyepandisha sauti, akaishika ile karatasi ya rekoda, akaitazama kwa muda mrefu. "Karatasi nzuri," akasema. "Kaitundike sebuleni kwako."

Tukakata kipande kizima, tukaweka kingine, tukachomelea viungo viwili badala ya kimoja, tukaoka upya. Siku nne. Basi nililolikimbilia lilikwenda na kurudi mara nne bila mimi.

4. Bomba lishikiliwe pande zote mbili kabla ya kuwasha. Nadhani sasa mnajua kwa nini.

5. Kama kitu kitakerezwa, oka kwanza ndipo ukereze. Ukigeuza, flenji yako, ile sahani ya kuungia bomba kwa bolti, itahama vipimo tumboni mwa pedi na bolti hazitaingia.

6. Stenlesi usiipeleke kwenye joto hili kwa mazoea. Kati ya nyuzi 425 na 850 inapoteza kinga yake ya kutu pale pembeni mwa kiungo. Uliza kwanza.

7. Kalamu ikiruka, simama. Hata kama ni saa nane usiku na koti ndiyo kwanza limeanza kupata joto.

Na wewe wa maji: jumatatu saa mbili asubuhi nakuja hapo. Niandalie grainda na diski mbili, tufumue kiungo chote. Mteja nitaongea naye mimi.